Madini Chembe kwa Farasi Mgonjwa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sampuli ya Nyasi Hadi Ndoo ya Chakula

Malalamiko yanayonifikia hufanana mno. Farasi amepewa kirutubisho cha madini kwa miezi mitatu, kopo la pili limekwisha, na kwato bado zinapasuka, au laminaitisi, yaani uvimbe ndani ya kwato, imerudi, au manyoya hayajapata mng'ao wowote. Ninapouliza nyasi anazokula farasi huyo zina shaba kiasi gani, sipati jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzipima. Mtu amenunua dawa ya pengo ambalo hajui lina ukubwa gani, na pengine halipo kabisa.

Kwa madini chembe, yaani yale ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo kinachopimwa kwa miligramu, kosa hilo lina gharama kubwa kuliko linavyoonekana. Mengi kati yake hushindana yenyewe kwa yenyewe, na moja, seleni, huanza kudhuru mapema sana mtu akizidisha. Farasi mzima anaweza kustahimili kubahatisha kwa muda, lakini mgonjwa hana akiba hiyo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja hutumia tarakimu zilizopatikana katika hatua iliyotangulia.

## Vinavyohitajika

- Utambuzi wa ugonjwa kutoka kwa daktari wa mifugo, pamoja na matokeo ya vipimo vya damu.
- Futi ya kamba, kama ile ya fundi cherehani, yenye urefu usiopungua mita 2.
- Mizani ya kuning'iniza kwa ajili ya nyasi, na mizani midogo inayosoma hadi gramu 1.
- Bomba la kutobolea marobota, linalofungwa kwenye keekee.
- Ndoo safi ya plastiki na mifuko ya plastiki inayofungika.
- Lebo za kila kitu anachokula farasi, pamoja na jiwe la chumvi analolamba.
- Daftari, kikokotoo na simu yenye kamera.

Ndoo iwe ya plastiki kwa sababu ndoo ya bati imepakwa zinki, nayo zinki ni mojawapo ya madini unayotaka kuyapima.

## Hatua ya 1: Jua unatibu nini

Usianze na kopo, anza na ugonjwa. Dalili moja inaweza kutoka pande mbili zilizo kinyume kabisa, na mfano ulio wazi zaidi ni kwato. Kwato dhaifu zinazomeguka zinaweza kutokana na upungufu wa zinki na shaba. Lakini kwato zenye nyufa za mlalo karibu na mahali nywele zinapoanzia, pamoja na singa za shingoni na za mkia zinazodondoka, zinaweza kuwa dalili za seleni iliyozidi. Mwenye farasi wa namna hiyo akikimbilia kirutubisho cha kwato chenye seleni, anaongeza kilekile kinachomdhuru mnyama.

Magonjwa yanayowafanya watu wengi watafute madini haya, na mambo ya kuzingatia kwa kila mojawapo, ni haya.

Matatizo ya insulini, laminaitisi na ugonjwa wa Cushing. Laminaitisi ni uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato, na mara nyingi chanzo chake ni insulini iliyopanda kupita kiasi. Tiba yake kuu ni chakula chenye sukari na wanga kidogo, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na dawa ya daktari pale ugonjwa wa Cushing, ambao ni tatizo la homoni kutoka tezi iliyo chini ya ubongo, unapohusika. Madini ni msaidizi tu: yanasaidia ukwato mpya uote vizuri, na yanaziba mapengo yanayotokea mnyama anapopunguziwa chakula. Kirutubisho cha kromiamu na magnesiamu kilijaribiwa kwa farasi wanene waliowahi kuugua laminaitisi, na hakikuboresha namna miili yao inavyoitikia insulini. Kwa hiyo kopo linaloahidi hivyo lisikusumbue.

Magonjwa ya misuli. Hapa seleni na vitamini E hutazamwa pamoja, kwa kuwa zote mbili hulinda chembe za misuli. Upungufu wa seleni kwa watoto wa farasi huleta ugonjwa wa misuli myeupe, ambao unaweza kuua.

Upungufu wa damu. Karibu kila mtu hufikiria chuma, na karibu kila mara amekosea. Upungufu wa chuma kwa farasi mzima ni nadra, isipokuwa anapoteza damu kwa muda mrefu kwa sababu ya minyoo, vidonda au kutokwa na damu ndani. Nyasi zina chuma cha kutosha na kuzidi, na mwili wa farasi hauna njia nzuri ya kukitoa kikishaingia. Mtoto wa farasi aliyezaliwa punde asipewe kabisa dawa ya chuma ya kunywa bila amri ya daktari, kwani wapo waliokufa kwa kuharibika ini.

Ini na figo. Katika ugonjwa wa ini, shaba na chuma visiongezwe bila daktari kuona matokeo ya vipimo. Katika ugonjwa wa figo, soma lebo ukitafuta kalsiamu, kwa sababu farasi hutoa kalsiamu iliyozidi kupitia mkojo, na virutubisho vingi vya unga hujazwa chokaa ili kuongeza ujazo.

Tahadhari kuhusu vipimo vya damu. Shaba na zinki katika damu haziakisi vizuri akiba iliyo mwilini, na kwa mgonjwa hupotosha zaidi. Uvimbe au maambukizi hupandisha shaba ya damu na kushusha zinki na chuma. Aidha, vifuniko vya mpira vya baadhi ya chupa za damu huchafua sampuli kwa zinki, kwa hiyo mwombe daktari atumie chupa maalumu ya kupimia madini chembe. Kipimo cha damu kinachoaminika kwa kazi yetu ni kile cha seleni katika damu nzima.

Umefanikiwa iwapo unaweza kuandika katika mstari mmoja jina la ugonjwa, madini unayoyashuku na madini usiyopaswa kuyagusa.

## Hatua ya 2: Pima farasi, kisha pima chakula

Zungusha futi kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele na pale mgongo unapoanzia, upate mzingo. Kisha pima urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi kwenye ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, vyote katika sentimita, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa sentimita 187 na urefu wa sentimita 170 ana uzito wa takriban kilo 500. Huyo ndiye nitakayemtumia katika mfano wetu.

Baada ya hapo pima nyasi, na upime kwa mizani. Kukadiria kwa mikono ndiyo sababu ya kwanza ya hesabu kuharibika, kwa kuwa robota moja linaweza kupishana na jirani yake kwa kilo kadhaa. Pima zote anazopewa kwa siku tatu, pima alizobakiza, toa, kisha tafuta wastani. Farasi wetu anakula kilo 9 za nyasi kavu kwa siku.

Farasi mnene anayepunguzwa uzito asishushwe chini ya 1.5% ya uzito wake kwa siku, ukihesabu kwa uzito mkavu, isipokuwa daktari awe anamfuatilia kwa karibu. Njaa ya ghafla inaweza kuijaza damu yake mafuta, hasa akiwa farasi mdogo wa aina ya poni au punda.

## Hatua ya 3: Chukua sampuli ya nyasi

Madini mengi anayoyapata farasi hutoka katika nyasi, kwa hiyo sampuli mbaya huharibu kila kinachofuata. Usivute konzi ya majani kutoka pembeni mwa robota: majani laini hudondoka, mabua hubaki mkononi, na majibu yatakuwa ya mabua.

Chagua marobota 15 hadi 20 ya shehena moja bila kuyabagua. Ingiza bomba katikati ya upande mfupi wa kila robota, kwa kina cha sentimita 30 au zaidi, na umimine kila ulichokitoa ndani ya ndoo ya plastiki. Changanya kwa mikono safi mikavu. Ikiwa ni nyingi mno, zitandaze, zigawe mafungu manne, chukua mawili yanayokabiliana, na urudie mpaka ibaki robo kilo hivi. Funga, andika tarehe na jina la shehena.

Kwa farasi anayelisha malishoni, tembea nyuma yake na ukate majani anayoyakata yeye, kwa kimo kilekile, katika sehemu zisizopungua 20. Usichukue udongo. Mizizi michache yenye matope inaweza kupandisha chuma kwenye karatasi ya majibu mara kadhaa.

Maabara iombwe mambo matatu. Kwanza, madini yapimwe kwa njia ya kuyeyusha sampuli kwa asidi, kwa kuwa njia ya haraka ya mwanga inafaa kwa protini na nyuzinyuzi lakini ni dhaifu kwa madini chembe. Pili, seleni ipimwe. Mara nyingi haimo katika kifurushi cha kawaida, kwa hiyo iombe kwa jina. Tatu, kwa farasi mwenye shida ya insulini, sukari na wanga vipimwe pamoja. Jumla ya hivyo viwili ikizidi 10% hadi 12% ya uzito mkavu, shughulikia hilo kwanza kabla ya madini yoyote.

Asiyeweza kabisa kufikia maabara achague kirutubisho kimoja kisichoongezwa chuma, kinachotoa mahitaji ya siku ya shaba na zinki, na seleni isiyozidi miligramu 1. Mtu huyo hataujua ukubwa wa pengo, lakini hatakuwa amelifunika kwa sumu.

## Hatua ya 4: Hesabu anachopata tayari

Karatasi ya maabara huwa na safu mbili: moja ya nyasi kama zilivyofika, na moja ya uzito mkavu, yaani baada ya kutoa maji yote. Tumia safu ya uzito mkavu pamoja na kilo za uzito mkavu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchanganya safu hizo mbili na kumtengenezea farasi mpango mzima wa chakula. Niligundua kosa usiku wa tatu, nilipoona kwamba jumla haikulingana na uzani wa nyasi.

Nyasi za mfano wetu ni kavu kwa 89%, kwa hiyo kilo 9 zinatoa kilo 8 za uzito mkavu. Maabara imetoa majibu kwa miligramu kwa kilo, ambayo huandikwa pia ppm. Tarakimu ni ileile.

- Chuma 250 kwa kilo, mara 8, ni miligramu 2,000 kwa siku.
- Manganisi 60 kwa kilo, mara 8, ni miligramu 480.
- Zinki 22 kwa kilo, mara 8, ni miligramu 176.
- Shaba 6 kwa kilo, mara 8, ni miligramu 48.
- Seleni 0.05 kwa kilo, mara 8, ni miligramu 0.4.

Ongeza hapo madini ya kila kitu kingine: punje, vibonge, jiwe la kulamba. Siku moja nilipanga mezani makopo yote ya farasi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, nikayageuza lebo zikanitazama, na nikaikuta seleni katika makopo matatu kati ya manne. Hakuna hata moja lililozidisha. Yalizidisha yalipokutana ndoo moja.

Umefanikiwa iwapo una jumla moja ya siku kwa kila madini, na hakuna kopo hata moja lililobaki nje ya hesabu.

## Hatua ya 5: Pima pengo

Mahitaji ya chini ya farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi, kulingana na viwango vilivyochapishwa mwaka 2007 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, ni miligramu 100 za shaba, 400 za zinki, 400 za manganisi, 400 za chuma, 3.5 za madini joto na 1 ya seleni kwa siku. Kwa farasi wa uzito mwingine, punguza au ongeza kwa uwiano: wa kilo 400 huchukua 80% ya tarakimu hizo.

Viwango hivyo ni sakafu ya nyumba. Wataalamu wengi wa lishe hulenga mara 1.5 ya shaba na zinki kwa farasi mwenye kwato mbovu au anayekula nyasi zenye chuma kingi, nami nakubaliana nao. Kwa farasi wetu, lengo linakuwa miligramu 150 za shaba na 600 za zinki. Tukitoa anachopata, pengo la shaba ni 102 na la zinki ni 424. Manganisi inatosha. Chuma kimefika mara tano ya mahitaji bila msaada wa mtu.

Sasa tazama uwiano. Zinki iwe mara 3 hadi 4 ya shaba katika jumla ya chakula chote. Zinki ikizidi sana huizuia shaba isifyonzwe. Watoto wa farasi waliolishia karibu na viwanda vya kuyeyusha zinki wameugua viungo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana kuongeza zinki peke yake, kwa kuwa mtu amesikia kwamba inasaidia kwato, ni nusu ya kazi na wakati mwingine ni madhara.

Kuhusu chuma, wapo wanaoshauri shaba ipandishwe mpaka ilingane na chuma kwa uwiano wa moja kwa nne. Kwa nyasi za mfano wetu hiyo ingekuwa miligramu 500 za shaba kwa siku, na mimi singempa farasi mgonjwa kiasi hicho kwa kufuata karatasi. Farasi wenye insulini ya juu wameonekana wakiwa na akiba kubwa ya chuma, lakini haijathibitishwa kwamba chuma ndicho chanzo. Kilicho cha busara ni kuacha kuongeza chuma chochote, kupunguza vumbi la udongo katika nyasi, kuangalia kama maji ya kunywa yanaacha kutu kwenye birika, na kuzifikisha shaba na zinki kwenye lengo lake.

### Seleni inahitaji meza yake peke yake

Mahitaji ni miligramu 0.1 kwa kilo ya chakula kikavu, na mpaka wa hatari umewekwa kati ya miligramu 2 na 5 kwa kilo. Nafasi hiyo inaonekana pana mpaka mtu akosee nukta moja ya desimali. Mnamo Aprili 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini ulioandaliwa kwa kipimo cha seleni kilichokosewa.

Lenga jumla ya miligramu 1 hadi 2 kwa siku kwa farasi wa kilo 500, ukihesabu nyasi na kila kopo. Usivuke miligramu 3 bila kipimo cha damu na maelekezo ya daktari. Maeneo hutofautiana sana: udongo mmoja huotesha nyasi zisizo na seleni karibu kabisa, na mwingine huotesha nyasi zinazotia sumu, kwa hiyo ushauri wa rafiki anayeishi kwingine haukufai hapa.

Vitamini E huambatana nayo. Majani mabichi yanayo kwa wingi, lakini hupotea nyasi zinapokaushwa na kuhifadhiwa. Farasi asiyefika malishoni apewe takriban uniti 1 hadi 2 za kimataifa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na mafuta kidogo ili ifyonzwe.

Madini joto yana mtego wake, nao ni mwani. Unga wa mwani unaweza kuwa na madini joto mengi mno, tena kwa viwango vinavyobadilika kutoka gunia hadi gunia, na farasi wajawazito waliolishwa mwani kwa wingi wamezaa watoto wenye rovu. Ikiwa kirutubisho chako kimeorodhesha mwani bila kutaja miligramu za madini joto, kirudishe.

Kobalti iache. Hakuna farasi aliyejulikana kuugua kwa kuikosa, na katika mashindano imewekewa kikomo kwenye mkojo kwa sababu ilitumiwa kama dawa ya kuongeza nguvu.

## Hatua ya 6: Soma lebo na uchague

Lebo husema kweli kwa lugha tofauti. Asilimia 1 ni miligramu 10,000 kwa kilo. Mikrogramu 1,000 ni miligramu 1. Zaidi ya hayo, uzito wa chumvi ya madini si uzito wa madini yenyewe: salfeti ya shaba, ile ya buluu, ina shaba takriban 25% tu. Lebo ikiandika miligramu 400 za salfeti ya shaba, farasi anapata kama miligramu 100 za shaba.

Chukulia kirutubisho chenye miligramu 2,000 za shaba, 7,000 za zinki na 15 za seleni kwa kilo, kisicho na chuma wala manganisi, na kinachotolewa gramu 60 kwa siku. Gramu 60 zinatoa shaba 120, zinki 420 na seleni 0.9. Ukijumlisha na nyasi, farasi wetu anapata shaba 168, zinki 596 na seleni 1.3. Zinki ni mara 3.5 ya shaba. Kirutubisho hicho kinafaa.

Kuhusu madini yaliyofungwa kwenye protini dhidi ya chumvi za kawaida, sioni sababu ya kubishana sana. Aina ya kwanza hupendeza zaidi mdomoni na hugharimu zaidi. Pengo likiwa limehesabiwa vizuri, zote mbili zinafanya kazi.

Onyo lisilo na nafasi ya majadiliano: usitumie mchanganyiko wa madini wa ng'ombe au kuku. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa ya kudhibiti vimelea vya matumbo, au dawa za jamii yake, na kiasi kidogo ambacho ng'ombe hakisikii kinaweza kuuharibu moyo wa farasi na kumuua. Mchanganyiko wa kondoo nao huwa hauna shaba ya kutosha. Vivyo hivyo, mabaki ya farasi wako yasiende kwa kondoo, kwani shaba hiyo huwaua.

## Hatua ya 7: Ingiza taratibu

Anza na robo ya kipimo kwa siku nne, kisha nusu kwa siku nne, kisha robo tatu kwa siku nne, ndipo ufikie kipimo kamili. Sababu ni ladha zaidi kuliko tumbo. Shaba na zinki zina ukakasi, na farasi akishaichukia ndoo, huichukia hata ikiwa tupu.

Pima kwa gramu siku ya kwanza, hata kama kopo limekuja na kijiko chake, kwa kuwa vijiko hudanganya unga unaposhikamana. Changanya na vibonge vya nyasi vilivyolowekwa vikawa uji mzito, bila molasi kwa farasi mwenye tatizo la insulini. Chakula kikiwa kikavu, unga huteleza hadi chini, farasi hula vibonge kwa midomo yake myepesi, na jioni unakuta ukoko wa buluu uliojishika kwenye kona ya ndoo. Huo ukoko ndio shaba uliyoihesabu kwa siku mbili.

Usichanganye vitamini E na madini kwenye kopo moja kwa wiki nzima. Shaba na chuma huiharibu vitamini hiyo. Zikutane ndani ya ndoo siku ileile ya kuliwa. Mpe pia chumvi ya kawaida gramu 25 hadi 30 kwa siku, kwani farasi anayelamba udongo au kuguguna mbao wakati mwingine anatafuta chumvi tu.

Kirutubisho kingine chochote kisianzishwe katika wiki hizi. Ukianza vitatu pamoja na farasi akaharisha, hutajua umlaumu nani.

Umefanikiwa iwapo baada ya wiki mbili ndoo inabaki safi hadi chini na kinyesi hakijabadilika.

## Hatua ya 8: Fuatilia kwa kalenda ya ukwato

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hukata tamaa mapema mno. Ukuta wa ukwato hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na sehemu ya mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kushuka kutoka kwenye nywele hadi ardhini. Ufa ulio chini leo ulikwisha kuumbwa kabla hujafungua kopo. Hautapona, utashuka mpaka mkata kwato auondoe.

Piga picha kila ukwato kutoka ubavuni siku ya kwanza, kisha kila wiki ya nne, simu ikiwa usawa wa ardhi. Usitazame chini, tazama sentimita ya juu. Baada ya miezi miwili au mitatu unapaswa kuona mkanda mpya chini ya nywele, ulio laini, usio na mawimbi, na ulioshuka kwa pembe iliyosimama kuliko ukuta wa zamani. Mkanda huo ukionekana, mpango unafanya kazi hata kama nusu ya chini ingali mbaya. Kwa laminaitisi, mkanda huo ukikosekana kabisa hata baada ya miezi minne, rudi kwenye sukari na insulini kabla ya kubadilisha madini.

Manyoya yasihukumiwe kabla ya farasi kunyonyoka ya zamani na kuota mapya. Farasi mweusi ambaye ncha za nywele zake zilikuwa na rangi ya kutu anaweza kurudi kuwa mweusi, ingawa jua nalo hubabua, kwa hiyo dalili hiyo peke yake isikuhakikishie chochote.

Seleni ya damu nzima ipimwe tena baada ya miezi minne hadi sita. Sehemu kubwa yake iko ndani ya chembe nyekundu, ambazo huishi karibu miezi mitano, na kupima mapema kunakuonyesha ulichokuwa ukimlisha zamani.

### Simamisha na umpigie daktari iwapo

Singa za shingoni au za mkia zinadondoka. Mkunjo au ufa unazunguka ukwato karibu na nywele. Farasi anachechemea bila sababu. Pumzi yake inanuka kama kitunguu saumu. Au anakataa chakula chote, si ndoo yenye madini peke yake. Mpelekee daktari makopo yenyewe, wala usimsimulie kwa kumbukumbu.

## Shehena mpya inapofika

Hesabu yote hii ni ya shehena moja. Nyasi za shamba lingine, au za shamba lilelile zilizokatwa msimu mwingine, zinaweza kuwa na shaba mara mbili na chuma nusu. Kwa hiyo usisubiri robota la mwisho la zamani liishe: toboa shehena mpya siku inapofika, peleka sampuli, na uweke kando nyasi za zamani za kutosha wiki tatu. Katika wiki hizo majibu yatarudi, tumbo la farasi litazoea nyasi mpya zinazochanganywa kidogo kidogo, nawe utakuwa umeketi tena na daftari kwenye hatua ya 4.